Maoni ya Watazamaji Sitini na Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimeitikia kabla, tusipotezeane muda. Mjomba wako ni mzima, nguvu tele. Jana nimebeba kasha la filamu kutoka getini mpaka juu kwenye chumba cha projekta, ngazi ishirini na sita, kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nilikuwa nachana nywele.

Filamu yenu imefika, hiyo Koo la Chuma. Tangu nianze kuonyesha picha katika ukumbi huu, na wewe bado unanyonya, haijaletwa picha kama hii. Kijana anaondoka kwao na gitaa la kuazima, anakuwa nyota wa hevi metali, anaimba mpaka taa za jukwaani zinapasuka, anapata kila kitu ambacho mtu anaweza kupata, halafu siku moja anarudi kwa mama yake, anasimama mlango wa jikoni, mama anageuka, anamwambia neno moja. Basi. Hadithi yote ndiyo hiyo. Lakini ile sauti, Chiriku. Mimi nikishafunga mkanda kwenye mashine nateremka chini, nakaa safu ya mbele ubavuni mwa spika kubwa, naegemeza bega, mpaka zamu ya kubadili mkanda.

Unajua mimi na spika ni ndugu. Ile bendi ya hevi metali ilipopita hapa enzi za ujana wangu, spika lao kubwa kuliko kabati la marehemu mama yako lilitaka kuanguka juu ya watu, nani alilizuia kwa mgongo masaa manne bila kunywa maji? Siku tatu baadaye masikio bado yalikuwa yanalia kengele, nikadhani shule zimefunguliwa. Kuku wa jirani walitaga mayai yaliyokwisha chemka. Mpiga gitaa alinishika mkono akasema, sisi tuko watano, wewe ni wa sita. Hujawahi kusikia hilo? Basi umesikia.

Watu wamejaa. Nasema wamejaa, wanakaliana mapajani. Wewe ndiye karani wa kusoma maoni huko ofisini kwenu, kwa hiyo kadi arobaini za watazamaji nimezifunga uzi nimezitia humu kwenye mfuko. Zisome taratibu. Fundi bomba anasema mama alipomwambia mwanawe "Umekonda" alilia mpaka mbavu zikamuuma. Mwalimu wa hesabu, yule mstaafu, anasema amevihesabu vidole vya mpiga gitaa vinavyotembea, na mama aliposema "Nimekusamehe" akavua miwani. Muuza magazeti anasema jasho la mwimbaji lingejaza ndoo tatu, na mama kusema "Usiondoke tena" ni haki yake.

Sasa jambo lenyewe. Kanuni yenu naijua: wiki mbili, filamu inarudi, ila kadi zikiwa nzuri inaongezewa. Nataka iongezewe. Siombi, mjomba wako haombi, nakuarifu.

Na simu usijisumbue kupiga. Panya amekula waya. Nilimkamata, mkubwa kama begi la shule, nikamsamehe kwa sababu ana watoto.

Mjomba wako,
Mkuu wa Mwanga na Giza


Ijumaa, 7 Februari

Mjomba,

Shikamoo, hata kama ulishaitikia.

Kadi zimefika. Nilikuwa nazisoma kimya kimya mezani, nikacheka, bosi akasimama nyuma yangu akaniambia soma kwa sauti. Nikamsomea fundi bomba, nikamsomea mwalimu. Mama anayepiga mihuri akaacha kupiga mihuri. Hujui filamu hii imetutesa vipi. Katika kumbi nyingine zote watu wanalalamika. Mmoja ameandika kwamba ametoka na kichwa kama mtu aliyevishwa sufuria likagongwa kwa mwiko. Mwingine ameuliza kama mwimbaji anaumwa na kwa nini hakuna anayempeleka hospitali. Kuna aliyeziba masikio kwa pamba, halafu kadi nzima akailalamikia pamba. Kwenye kadi zako arobaini hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu kelele. Bosi amesema ukumbi huo una watu wenye moyo, na amewaongezea filamu mpaka mwisho wa mwezi wa tatu.

Sasa na mimi nina langu.

Jumapili nilipiga simu mara kumi na moja. Panya hajala waya, Mjomba, maana simu iliita, na mwisho Mama Tiketi akaipokea. Aliniambia umesimama hapo hapo kibandani kwake unafuta vumbi kwenye kioo. Akasema, "Nimemnyooshea simu, amenitikisia kichwa akaondoka." Tangu mwezi wa saba ni hivyo. Kila Jumapili namaliza kufua, nakaa kitandani na simu mapajani, napiga. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta. Jioni naongea na birika. Siku nyingine nalijibu.

Ulinilea wewe. Mama alipofariki ulinikalisha kwenye chumba cha projekta, nikajifunza kusoma kwa majina yanayopanda mwisho wa filamu. Kama umenuna kwa sababu nilikuja huku kufanya kazi, niambie umenuna. Nitajua la kufanya na hasira. Kimya sijui nikifanye nini.

Mpwa wako


Jumatano, 12 Februari

Chiriku,

Kununa? Mimi? Nilizaliwa bila mshipa wa kununa, mkunga aliutafuta akaukosa, waulize.

Mama Tiketi ni mtu mzuri lakini siku hizi ananong'ona. Ukimuuliza tumekata tiketi ngapi anafungua mdomo kidogo kama anapuliza chai. Nimeacha kumuuliza. Na si yeye tu. Waigizaji nao wamekuwa wavivu. Kabla ya Koo la Chuma mlituletea ile ya wapenzi wawili kwenye nyumba ya ghorofa, masaa mawili wananong'onezana, nikasema hawa hawataki tujue. Hata mvua imebadilika. Bati la ukumbi unalikumbuka, mvua ikishuka tulikuwa tunasimamisha picha. Sasa inanyesha kwa adabu, natoka nje nakuta nchi imelowa na mimi sina habari. Saa ya ukutani nayo imeacha kugonga. Nimeipeleka kwa fundi saa wa hapo mkabala, ameirudisha siku hiyo hiyo, ameniandikia kwenye karatasi eti haina ubovu. Nimeutangazia mtaa mzima kwamba yule si fundi.

Ndiyo maana naipenda filamu hii. Hawa hawana unafiki wa kunong'ona. Bega likiwa kwenye spika, ngoma inaingia hapa kwenye ubavu, inatembea mpaka kwenye meno. Naisikia, Chiriku. Naisikia yote.

Habari ya simu, nitakwambia. Simu ni ya watu wa haraka. Neno likishasemwa kwenye simu limekwenda, utalikimbilia wapi. Barua yako naiweka chini ya mto, nikitaka naisoma mara nne. Hilo la birika nimelisoma mara sita. Usilijibu birika, likizoea halitanyamaza.

Nimetia kadi nyingine ishirini na tatu, jumla sitini na tatu. Mama mfua nguo anasema aliyashona macho yake kwenye mikono ya yule mama jikoni, mikono ya mtu aliyefanya kazi, na mama aliposema "Kaa ule" akamtamani awe jirani yake. Dereva wa lori la mchanga anasema "Baba yako amekufa" lilimkata maini. Kinyozi naye ana neno lake kuhusu nywele za mwimbaji, amekadiria mkasi, masaa na chupa za mafuta.

Mwambie bosi wako iongezewe mpaka mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka si mbali.

Mjomba wako,
Mwanachama wa Sita


Jumatano, 19 Februari

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekaa na kadi zako siku tatu kabla ya kushika kalamu. Hizi ishirini na tatu sikuzisoma kwa sauti ofisini.

Mama mfua nguo alifariki nikiwa darasa la nne. Nilikwenda mazikoni nimekaa mabegani kwako, ukaniambia nisihesabu watu, nikahesabu. Mwalimu wa hesabu alihamia kwa mwanawe, wewe ndiye ulimbebea sanduku mpaka stendi. Dereva wa lori la mchanga alipata ajali. Kinyozi alifunga duka. Muuza magazeti sijui alikwenda wapi, lakini alikwenda, wewe ndiye uliniambia. Nimeziweka kadi zote mezani nikawapanga kwenye viti vyao, kila mtu pale alipokuwa akikaa nikiwa mtoto. Nilipomaliza ukumbi ulikuwa umejaa, Mjomba, na hakukuwa na mtu.

Nilijua mwandiko tangu kadi za kwanza. Ile miguu ya herufi unayoivuta kama mikia ya paka, mtu mwingine haivuti hivyo. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa ni kama kukaa na wewe. Lakini sasa bosi ameandika taarifa kwamba ukumbi wenu ndio pekee uliopenda filamu, na chini ya taarifa kuna sahihi yangu. Usitume kadi nyingine.

Kuna jambo jingine silielewi. Filamu nimeiona hapa ofisini mara mbili. Mama pale jikoni anasema sentensi moja tu, na anaisema wazi, hata mtu aliyekaa nyuma kabisa anaisikia. Watazamaji wako wamemwandikia sentensi tofauti, kila mtu na yake, na hakuna hata moja iliyo sawa. Wewe uliyekuwa ukinikaripia nikikosea neno la mwigizaji. Unamtania nani?

Kwa nini filamu hii, Mjomba? Mbona hukutunga kadi za filamu nyingine? Sitaki kadi. Niandikie neno moja la kweli, liwe fupi hata kama ni baya. Jumapili nitapiga simu.

Mpwa wako


Jumatano, 26 Februari, asubuhi

Chiriku,

Kwanza kabisa, mfua nguo hakufa, alitangulia. Ni vitu viwili tofauti. Kiti chake hakuna aliyekikalia mpaka leo, sasa kiti kisicho na mtu na chenye mwenyewe, kitoe maoni au kisitoe? Mimi niliishia darasa la sita lakini hilo nimelifikiria.

Haya. Hawakujaa. Juzi walikuwa saba. Wikiendi walikuwa kumi na mmoja, wanne wakatoka kabla gitaa la kwanza halijaisha, wameshika masikio. Vijana wana majumba mapya yenye viti vya kulala huko barabara kuu. Mwenye ukumbi ananipitia kila asubuhi, ananipiga bega, anasema kitu, namjibu "sawa sawa". Filamu ikiondoka sijui ataleta nini, au kama ataleta. Na chumba changu unakijua kiko nyuma ya pazia la ukumbi.

Lakini neno la kweli umelitaka, basi nimekupatia bora kuliko langu. Jana Jumanne, onyesho la saa kumi, alikuja mtu mmoja tu. Fundi saa. Alikata tiketi yake, akakaa katikati kabisa peke yake. Nikasema amekuja kuomba radhi kwa ile saa. Jana mkanda wa mashine ulikuwa unateleza, sikuweza kuteremka chini, nikabaki juu nimeushikilia kwa kidole, namtazama kupitia kidirisha. Chiriku, nimeonyesha picha miaka thelathini, sijaona mtu kupenda filamu namna ile. Baada ya muda mfupi akageuka nyuma, akaniinulia mikono. Nikampungia. Akasimama juu ya kiti akapiga makofi, midomo imefunguka, anashangilia. Nikampungia tena, nikacheka. Akanitazama sana. Kisha akakaa, akatulia, hakutikisika mpaka majina yakapanda.

Alipotoka alichukua kadi pale mezani, akaandika amesimama, akaitia kwenye bahasha akaibandika gundi. Sijaifungua. Mimi ni mtu wa heshima. Hiyo humo, ya kweli, mwandiko si wangu, ukaione mwenyewe mikia haina. Mpe bosi wako aisome kwa sauti.

Mjomba wako,
mwenye shahidi


Jumanne, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Kadi ya fundi saa sikumpa bosi. Nimeinakili hapa yote, neno kwa neno, kwa sababu inakuhusu wewe na ni haki yako kuisoma.

"Kwa anayesoma maoni. Filamu niliyoonyeshwa leo haikuwa na sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mara ya kwanza nilidhani ndiyo mtindo wake. Baada ya dakika kumi niligeuka nikaita, Sauti, sauti. Nikapiga mluzi. Nikasimama kwenye kiti nikapiga makofi. Mzee aliyeko dirishani alinipungia mkono akacheka. Nikarudia, akapunga tena. Hapo nilikaa. Ningetoka, lakini alikuwa ananiangalia kama nimefurahi. Mwezi uliopita aliniletea saa ya ukutani akasema haigongi. Niliiweka sikioni, inagonga vizuri sana. Nilimwambia, akasema nisinong'one. Ndiyo sababu nilikuja leo, sikuja kwa ajili ya filamu. Nawaomba msimfukuze. Atafutiwe daktari wa masikio, na kama ana ndugu, ndugu yake aambiwe. Filamu yenyewe ni nzuri. Kuna mahali mama anasema kitu mlangoni. Sikujua anasema nini, na ningependa kujua."

Nimeisoma na kuzirudia barua zako zote, mvua yenye adabu, Mama Tiketi anayepuliza chai. Nimezihesabu zile Jumapili tangu mwezi wa saba. Ni thelathini na tatu. Simu ilikuwa inalia kwenye meza na wewe unafuta kioo pembeni yake.

Nilikuwa nakulaumu, Mjomba. Kila Jumapili nikiweka simu chini nilikuwa natafuta kosa langu, nikilipata naliongeza juu ya jingine. Ungeniambia tu. Ningenunua bahasha.

Mpwa wako


Jumamosi, 8 Machi

Chiriku,

Nilijua kabla barua yako haijafika. Ile ile Jumatano, baada ya kuposti, niliteremka chini nikaegemea spika, nikalikuta baridi kama ukuta wa choo. Nikaweka mkono. Hamna kitu. Nikapanda juu nikafungua ubavu wa mashine, kile kijitaa kinachosoma sauti kimeungua, cheusi. Kubadilisha ni dakika mbili. Nilikaa nacho mkononi mpaka majina yakapanda, na chini kulikuwa na watu watano. Hakuna aliyekaa mpaka mwisho. Fundi saa peke yake ndiye aliyenikalia mpaka mwisho.

Nimekwenda kwake. Nimemwambia mbele ya wateja wake kwamba yeye ni fundi. Alisema kitu, nikamwambia aandike. Aliandika, "Karibu ukae." Nikakaa. Duka lake lina saa kama mia mbili, zote zinatembea. Nilikuwa naziona tu.

Ulitaka neno la kweli. Ilianza na ndege asubuhi, nikasema wamehama. Halafu ikawa wewe kwenye simu, mwezi wa sita. Ulikuwa unanieleza jambo refu, unacheka katikati, na mimi nikawa nasikia kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Nilisema "ndiyo, ndiyo". Ukanyamaza, nadhani uliniuliza swali. Nikasema "ndiyo" tena. Mpaka leo sijui uliniuliza nini. Nikaona heri usinipate kabisa kuliko unipate nakujibu ovyo. Wewe nilikuita Chiriku kwa sababu hukuwa unafunga mdomo, ulikuwa unaongea mpaka usingizini, mimi nikawa nalalamika. Sasa hebu niambie, ningekuandikia nini? Kwamba yule niliyekuwa namwambia anyamaze amenyamaza?

Kwa hiyo nikasema panya.

Filamu hii ilipoanza, siku ya kwanza, gitaa lilipopigwa nilishtuka nikatazama nyuma. Nilidhani masikio yamerudi. Nikakimbilia spika nikaliegemea, nikakaa pale mpaka mkanda ukakatika, watu wakanitupia maganda. Ni spika kama lile la bendi, aina ile ile ya muziki ulioanza kuniharibu masikio, najua, usiniambie. Ule mgongo masaa manne ni kweli, Chiriku. Katika mambo yangu yote hilo ndilo la kweli. Kuku ndio niliongeza.

Ndiyo nikawaita wote. Mfua nguo, mwalimu, kinyozi. Nilitaka ikae. Nimeiona mara arobaini na nane. Nyimbo zote ninazo hapa ubavuni. Lakini pale jikoni gitaa linanyamaza, mama anageuka, midomo inatembea kidogo tu, na spika halitikisiki. Kila nilipoandika kadi nilijaribu sentensi moja, nikaitazama kesho yake kama inaenea mdomoni mwake. Haikuenea. Sitini na tatu, hakuna iliyoenea.

Niambie anasema nini. Sasa hapa naomba.

Mjomba wako


Jumanne, 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Nimemwambia bosi kwamba kadi zote ni zako. Akaniuliza kama hata yule mama mfua nguo hakuwepo. Nikamwambia alikuwepo zamani. Akasema anasikitika, yeye alikuwa anampenda huyo kuliko wote. Nimepewa barua ya onyo, nimeisaini, iko kwenye faili langu. Filamu inarudi Jumatatu ijayo, na hilo sikuweza kulizuia. Onyesho la mwisho ni Jumamosi saa kumi.

Nitakuja. Ninafika Jumamosi mchana. Usinitafutie kitanda, nitalala pale pale nilipokuwa nalala, kwenye makasha.

Nimechukua kadi tupu za maoni, mafungu mawili, bosi ameniona akageuka dirishani. Nitakaa safu ya mbele upande wako wa kushoto na tochi ndogo, na kila mtu akifungua mdomo kwenye ile picha nitakuandikia kwenye kadi anachosema, nikupe. Ukikosa moja nitakungoja. Na ukipanda kubadili mkanda nitazishika ulizobakiza. Mambo ya mwenye ukumbi tutakwenda wote wawili Jumatatu, na daktari vivyo hivyo. Sijui atasema nini daktari. Lile swali nililokuuliza mwezi wa sita ni kama nikuletee shati la bluu au jeupe. Ulisema ndiyo. Nitaleta yote mawili.

Mama yake mle jikoni, Mjomba, hamwambii amekonda. Hamsamehi, hamwambii akae, na baba yake hajafa. Kijana amekuja miaka kumi baadaye, amevaa yale mabuti ya ngozi yenye vyuma, dunia nzima inalijua jina lake, anasimama mlangoni. Mama anageuka, anamtazama miguuni, anasema:

"Vua viatu, nimepiga deki."

Mpwa wako,
Chiriku


Jumamosi, 15 Machi
(karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi)

Chiriku,

Hiyo kweli nisingeiwaza, hata ningeandika kadi elfu.

Nipo ndani. Usipige hodi, utajichosha. Sukuma tu, mlango uko wazi tangu asubuhi.

Vua viatu hapo nje.

Mjomba